Thelathini na Sita

Chura wa kucha nilimtoa mferejini Igogo,
penye povu la sabuni na maganda ya miwa,
nikampandisha hadi Nyegezi kwenye ndoo
ambayo bado inanuka rangi ya mafuta.
Tone la damu tu. Jioni nikamrudisha,
akazama bila asante.

Siku nne baadaye, kioo kikiwa baridi,
tone hudondoshwa kutoka juu, urefu wa mkono,
ili seli ipasuke, imwage ilichoficha.

Nyanzobe, anayeosha vioo, akauliza naona nini.
Nikampisha kwenye hadubini.
Akafumba jicho moja, akakaa kimya, akasema:
"Nywele. Sakafuni kwa kinyozi."

Tukazihesabu kromosomu, yeye kwa Kisukuma,
mimi kwa Kiswahili, kila mtu na karatasi yake.
Mimi thelathini na sita. Yeye thelathini na tano,
kwa sababu mbili zilikuwa zimelaliana.

Nje, juu ya jiwe, mjusi kafiri
kichwa chekundu, mgongo wa wino,
alikuwa akipiga pushapu zake za saa nne.
Yule naye nimewahi kumhesabu:
kubwa chache, halafu punje, punje, punje,
kama ulezi uliomwagika.
Mjusi hutembea na chenji, nikamwambia Nyanzobe.
Ukoo wa chura ulishabadilisha sarafu zamani,
zikawa noti chache, ndefu.
"Na mamba?"
Mamba hana hata ya kusema huyu dume, huyu jike.
Anauachia mchanga uamue, kwa joto lake.
Nyanzobe akaguna: "Kumbe kuna wanaozaliwa
bila kuandikiwa."

Lakini thelathini na sita.
Binamu wa chura huyu, wa misitu ya magharibi,
anazo ishirini. Mara mbili ni arobaini.
Nne ziko wapi?
Hazikupotea. Zilishonwa kwenye nyingine,
kichwa kwa mkia, kabla ya hesabu kuongezwa.
Kisha koo mbili zikakutana katika maji fulani
yasiyokuwa bado na jina, wala ziwa hili halijawa ziwa,
na mtoto akabeba mali yote ya mama,
mali yote ya baba,
hakuacha hata kijiko.

Ndiyo maana ndani yake kila agizo lina pacha.
Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto.
Kulwa akishika jembe, Doto hana anayemdai.
Anaweza kujifunza kazi ambayo ukoo haujaiona.
Anaweza pia kunyamaza tu,
akamomonyoka herufi moja moja, miaka milioni,
na chura asiumwe hata kichwa.

Hapo kalamu ikasimama.

Mimi ndiye Doto.
Kulwa yuko Magu: ekari sita za pamba,
deni la mbegu, mguu wa mama usiopona,
misiba yote ambayo mimi huituma rambirambi kwa simu.
Miaka yote nilidhani nimefika hapa
kwa miguu yangu.

Nyanzobe alikuwa ameshaanza kuosha vioo vya jana.
Wadudu wa ziwa walipanda kama moshi upande wa Luchelele,
mtu akafunga dirisha.

Usiku nikampigia. Sikujua pa kuanzia,
nikauliza habari ya mvua.
"Imepiga. Na vyura hawatupi usingizi."
Vyura gani? nikauliza. Wana kucha?
Akacheka hadi akakohoa.
"Doto, vyura ni vyura."

Nilitaka kumwambia hesabu ile.
Nilitaka kusema kwamba aliyebaki
ndiye anayemruhusu mwingine abadilike.
Ikatoka: "Mbolea umeshanunua?"

Hakujibu. Nadhani aliisogeza simu dirishani,
kwa sababu ghafla bonde zima likaniingia sikioni,
nikalisikiliza nimesimama, gizani,
mpaka salio likaisha.